Hasimu na Shemeji

Imekuwa ada ya waandishi wanaotafuta asili ya michezo katika bara letu kushuka kwanza na maji ya Nili mpaka Misri, na huko kusimama mbele ya makaburi ya Beni Hasan, yaliyochongwa katika majabali takriban miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ambamo kuta zimejaa picha za wanaume walioshikana mieleka, jozi baada ya jozi, mmoja amepakwa rangi iliyokoza na mwenzake rangi hafifu, ili jicho la mtazamaji lisipotee katika mafundo ya mikono na miguu. Katika kaburi la Baqet wa Tatu peke yake jozi hizo hupita mia mbili. Katika kaburi la jirani yake, Khety, wamo watu wawili wanaoelekeana, kila mmoja ameshika fimbo iliyopinda ncha, na baina ya ncha hizo pana kitu cha mviringo, hata anayewatazama leo hudhani ameona wachezaji wa mpira wa magongo wanaongoja ishara ya kuanza. Ushahidi huo ni thabiti, na Mwafrika anayeambiwa kwamba michezo aliletewa na wageni katika sanduku moja na sabuni na Biblia ana haki ya kuutoa hadharani. Walakini mimi naona kwamba haututoshi, na sababu yake humdhihirikia mtu akikaa Usenge kwa utulivu, akawatazama watu wa huko wanavyoshindana.

Usenge ni mji wa wavuvi katika nchi ya Yimbo, kaunti ya Siaya, mahali ambapo barabara itokayo Bondo hufika ziwani. Kipo kilima kinachoitwa kwa jina la mji. Kipo kiziwa cha Sare, kilichotengwa na ziwa kubwa kwa mafunjo. Na si mbali umesimama mlima wa Ramogi, ambao Wajaluo wa Kenya huutaja kuwa makao yao ya kwanza walipoingia nchi hii. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini kilichotolewa mwaka 1967, alizipanga hesabu za nasaba, kizazi juu ya kizazi, akaona kwamba wa kwanza walifika yapata karne ya 15 au ya 16, wakitokea kaskazini, katika mabonde ya Bahr el Ghazal, kwa safari iliyokula umri wa watu wengi. Maadamu watu walikuja juu wakifuata mto, na maji yanayopiga ufuo wa Usenge hutokea Jinja yakateremka kuelekea Misri, ni wazi kwamba mto huu umebeba mengi kwa pande zote mbili, na hakuna aliyewekwa mlangoni kuandika kilichopita. Wamisri wenyewe, walipotaka kuchora wanamieleka hodari, waliwachora Wanubi: katika kaburi la Tjanuni, mkuu wa jeshi wa yapata mwaka 1400 kabla ya Isa, wamo askari wa Kinubi wanaokwenda kwa safu, na mmoja wao amebeba bendera yenye sura ya watu wawili walioshikana. Na Wanuba wa milima ya Kordofani, ambao George Rodger aliwapiga picha mwaka 1949, bingwa wao amekaa juu ya bega la mwenzake na mwili wote umejaa majivu, pamoja na Wadinka na Wamundari wa Sudani ya Kusini, hawakupata kuuacha mchezo huo hata ungehitaji kufufuliwa na wataalamu.

Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, si njia uliyopita mchezo bali hali ya mtu anayeshindwa. Huko Medinet Habu, katika hekalu la Ramses wa Tatu, aliyetawala katika karne ya 12 kabla ya Isa, imechongwa safu ya wanamieleka na wapigana fimbo wanaoshindana mbele ya wakuu wa dola na wajumbe wa nchi za kigeni. Upande mmoja ni Wamisri. Upande wa pili ni Wanubi, Walibia na watu wa Shamu. Na anayeinua mikono kwa ushindi ni Mmisri, na anayelazwa na kuamrishwa kuibusu ardhi mbele ya Firauni ni mgeni. Kabla ya hapo Amenhotep wa Pili alikuwa amekwisha kuandikisha, katika jiwe lililosimamishwa karibu na Sphinx, kwamba yeye alivuta kasia lenye urefu wa dhiraa 20 peke yake, akaenda masafa marefu bila ya kutua, ilhali mabaharia wake 200 walichoka mapema wakaishiwa na pumzi. Pengine kweli alikuwa na mikono ya chuma. Lakini mchezo ambao mshindi wake amekwisha kuchongwa jiweni kabla ya wachezaji hawajavua nguo si mchezo, ni gwaride, na hao mabaharia 200 sidhani kwamba walikuwa wapumbavu wa kumpita mfalme.

Mmoja tu katika wafalme hao namtoa katika lawama, naye ni Taharqa, Mkushi aliyeitawala Misri katika karne ya 7 kabla ya Isa, ambaye jiwe lake liligunduliwa katika njia ya Dahshur. Jiwe hilo lasimulia kwamba mfalme aliwazoeza askari wake mbio kila siku; kisha akawapeleka usiku, wakati wa baridi ya jangwa, wakimbie kutoka Memphis mpaka Fayum, masafa ya kilomita zipatazo 50, na baada ya kupumzika wakarudi mbio mpaka walikotoka. Mfalme mwenyewe alikwenda nao, na kwa kitambo akakimbia miongoni mwao kwa miguu yake. Wa kwanza kufika alikula na kunywa pamoja na walinzi wa mfalme. Lakini, na hapa ndipo ninapomheshimu Taharqa, waliofuata nyuma yake nao walipewa zawadi. Mtu wa kusini huyo alifahamu jambo ambalo Ramses hakulifahamu, kwamba waliofika nyuma ya mshindi ni watu utakaowahitaji kesho asubuhi.

Hilo ndilo jambo ambalo nchi ya ziwani ililijenga kuwa desturi bila ya kuliandika popote. Mjaluo haoi katika ukoo wake. Sharti avuke mpaka, aende kwa watu wengine, na watu wengine hao aghalabu ni wale wale anaogombana nao juu ya malisho, juu ya mpaka wa shamba, juu ya mahali pa kutegea nyavu. Kwa hiyo ukoo wa jirani ulikuwa mambo mawili kwa wakati mmoja: ni hasimu wa leo na mkwe wa kesho, na kijana aliyekwenda huko na rungu mwezi huu huenda mwezi ujao akaenda na ng'ombe wa mahari, akapiga magoti mbele ya wazee ambao watoto wao alikuwa amewatoa damu. Katika hali kama hiyo watu hawawezi kuishi kwa vita pekee, wala kwa amani pekee hawataweza, kwa kuwa vijana wana nguvu na nguvu hutafuta pa kutokea. Na baina ya vita na amani wahenga wakaweka kitu cha tatu, kilichokuwa na ukali wa kwanza na mipaka ya pili. Walikuwa na mieleka yao, olengo, iliyokutanisha mabingwa wa koo mbalimbali mbele ya wazee, nyimbo zikiimbwa kwa kila upande. Walikuwa na adhula, mchezo wa magongo, ambao vijana wachungaji waliucheza kwa fimbo zilizopinda, kundi kwa kundi, uwanja ukiwa malisho yenyewe na idadi ya wachezaji ikiwa ni wote waliohudhuria. Habeshi nako upo mchezo wa ukoo huo huo, genna, unaochezwa siku ya Krismasi yao, tarehe 7 Januari, kwa magongo ya namna hiyo na mpira wa mti, nao pia hauna hesabu ya watu wala chokaa ya kuwekea mipaka. Yeye aliyechora kaburi la Khety angeitambua michezo yote miwili kwa mara moja.

Hata arusi yenyewe ilikuwa na shindano ndani yake. Katika desturi ya zamani, vijana wa upande wa bwana arusi walipokwenda kumchukua binti, ndugu zake hawakumtoa kwa upole kama mtu anayetoa mzigo ghalani. Walimzuia, wakashindana nguvu na wachukuaji, binti mwenyewe akipiga mayowe na kujikaza, na wakwe hao wapya wakarudi kwao wamechubuka. Wageni waliolishuhudia jambo hilo waliandika kwamba ni unyang'anyi wa wanawake. Sikatai kwamba palikuwa na mabinti waliolia kilio cha kweli, na anayeisimulia desturi hiyo kana kwamba yote yalikuwa mzaha huwadhulumu. Lakini katika nyumba ambamo mambo yalikuwa yamekwisha kuafikiwa, ndugu aliyemwachia dada yake bila ya kukukuruka alionekana hampendi, na bwana arusi ambaye hakupata hata mkwaruzo alionekana amepewa kitu kisicho na thamani. Michubuko ile ilikuwa ni risiti.

Na upande wa giza wa jambo hili umehifadhiwa katika kisa ambacho kila mtoto wa Nyanza anakijua, kisa cha Lwanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki ukimgonga ukapinda. Maadui zake, Wanandi, walipochoka kufa, hawakutuma jeshi jingine, walimpa mke. Binti huyo alikaa naye mpaka siku alipougua, akaombwa amchanje ili atie dawa; wembe ukakataa mwilini, akaujaribu juu ya kivuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka kurudi kwao, na vita vilivyofuata vilimalizwa na mkuki uliochomwa kivulini. Wasimuliaji wengi huona ndani yake onyo juu ya wanawake, nami naona wanakosea shabaha. Kosa lililotendwa humo ni kuichukua ile njia ya pekee iliyobaki wazi baina ya mahasimu, njia ya ukwe, na kuigeuza kuwa silaha. Na ndiyo maana kisa hicho huumiza kuliko visa vya vita vya kawaida, ambamo hufa watu wengi zaidi.

Isidhaniwe kwamba maarifa haya ni ya Wajaluo peke yao. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa, mwanzo wa mwaka wa Kishirazi, na katika sikukuu hiyo wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, huingia uwanjani wakachapana kwa vigogo vya migomba, huku wanawake wakiimba nyimbo za kejeli zisizomstahi yeyote, na mtu aliyekuwa na ghaidhi na nduguye tangu mwaka uliopita huimaliza hapo hapo kwa mgomba uliolainika. Lamu, siku za Maulidi, wapo wachezao kirumbizi, wawili wawili, fimbo kwa fimbo, zumari na ngoma zikiwaongoza, na anayesahau kwamba ni mchezo hutolewa mara moja na wazee. Na watu wa pwani nao wana utani, ambao kwa huo mtani anaweza kukutukana mbele ya maiti ya nduguyo, ukitaka au usitake, kwa kuwa babu zenu walipigana zamani na sasa mnazikana. Muradi wa mambo yote haya ni mmoja.

Naomba ruhusa ya kukaa kidogo juu ya mchezo usio na jasho, maana katika huo ndimo fikira hii inamoonekana wazi zaidi. Omena, wale samaki wadogo wanaowalisha watu wa Usenge, huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea, zamani karabai na siku hizi za umeme wa jua, kwa sababu wao huifuata nuru. Mwezi unapopevuka taa hushindwa kuwavuta, na mashua nyingi hukaa ufuoni zimeinamishwa upande, nyavu zimetandazwa, na vijana waliozoea kulala mchana hawajui la kufanya na nafsi zao. Ndizo siku za ajua. Ajua ni bao la Wajaluo, lenye safu mbili za mashimo, nane upande huu na nane upande ule, ambalo huchongwa katika gogo au huchimbwa mchangani kwa kisigino mtu asipokuwa na gogo. Niliwatazama wawili wakicheza chini ya mti, karibu na banda la kupimia samaki: mmoja ni mwenyeji wa Yimbo, mzee wa makamo, mwenye kofia ya sufu ijapokuwa jua lilikuwa kali, wa pili ni Mnyala wa kutoka ng'ambo ya kinamasi cha Yala, aliyemwoa dada wa yule wa kwanza. Huyu mkwe alizichota mbegu zote za shimo moja kwa vidole vitatu, pasipo kuziangalia, akazipanda moja moja akizunguka, na mkono wake ulikwenda kasi hata mbegu zikawa na mlio mmoja mrefu; kisha akasita juu ya shimo la mwisho, akiitikisa mbegu iliyobaki kiganjani, na watazamaji wakanyamaza.

"Shemeji," akasema mwenye kofia, "hiyo unayoitikisa ni ndama uliyebaki naye. Ukimtia humo, mahari ya dada yangu utailipa kwa omena."

"Mahari nilikwisha kulipa, shemeji. Hawa ninaowachukua sasa ni ndama waliozaliwa baadaye."

Akaidondosha. Lilikuwa kosa. Mwenye kofia akakusanya mbegu kwa mkono mzima, polepole mno, akimtazama usoni badala ya kutazama mashimo, na wavuvi waliosimama nyuma yake wakaanza kumwambia yule Mnyala kwamba ni heri arudi kwao kwa miguu, maana hata nauli ya mashua itakwenda. Nilitaraji atakasirika, kumbe alikuwa amekwisha kuomba wapange upya.

Bao la kwetu la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, laufikisha ustaarabu huu mbali zaidi, kwa kuwa ndani yake hakuna kete inayokufa. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika hatua ya mwanzo, iitwayo namua, huziingiza moja moja. Anayekula kete za mwenziwe hazitupi nje wala hazifichi mfukoni, bali huzipanda upande wake, zikafanya kazi kwake, mpaka zamu itakapogeuka zikarudi zilikotoka. Katika sataranji mfalme hufa na askari hutolewa ubaoni wakalazwa kando. Katika bao mali yote iliyokuwapo mwanzo ipo mwishoni, imehama mikono tu, na anayeshindwa ni yule aliyekosa pa kuchezea. Mchezo wa namna hii haukutungwa na watu waliotazamia kuwamaliza adui zao. Ni wa zamani mno: katika majabali ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali alipochimbua Mary Leakey miaka ya 1937 na 1938, safu za mashimo ya bao zimechongwa katika mwamba wenyewe, na aliyezichonga hakuacha jina wala sanamu ya mshindi. Namlinganisha na Ramses, na moyo wangu humwelekea huyu asiye na jina.

Mabinti, naona, wamesahauliwa katika maandishi yote niliyoyataja, na mimi mwenyewe nakaribia kuwasahau. Lakini mchana huo huo, mahali ambapo wanawake wa Usenge huanika omena juu ya nyavu kuukuu, mabinti walikuwa wakicheza kati kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, na wadogo zao mdako kwa vijiwe vya ufuoni, na sikuona wanaume wakishindana kwa bidii kubwa kuliko ile.

Mashua nazo zilikuwa na mashindano yake. Mwaka 1875 Stanley, alipokuwa mgeni wa Kabaka Mutesa huko Usavara, alishuhudia mitumbwi ya Buganda ikishindana kwa makasia mbele ya mfalme na wake zake. Na mashua za mbao za namna ya visiwa vya Sese zilienea baadaye mpaka fuo za Wajaluo, zikatiwa matanga. Mvuvi anayerudi na shehena ya samaki wanaoharibika kwa jua hana haja ya kuitiwa mashindano. Anayetangulia kufika hupata bei.

Kisha zikaja filimbi na saa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wamisheni wa Kianglikana wakafungua shule ya Maseno mwaka 1906. Na Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza shule hiyo tangu 1928 hadi 1940, aliamini kwamba kabumbu hujenga tabia, akaingia uwanjani pamoja na wanafunzi wake. Toka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kuanza kugombea kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, na hivyo ule msemo wangu wa sanduku moja na sabuni si wa masihara tu. Serikali ya kikoloni nayo ilipendelea michezo, kwa hesabu yake yenyewe, ikitumaini kwamba kijana anayekimbia kwa saa ya hakimu hatakimbia na ng'ombe wa jirani. Watu wa ziwani walipokea yote hayo kwa mikono miwili, na wepesi wa kupokea kwao umewashangaza watafiti ambao hawakuuliza mchezo huo ulikuta nini nyumbani. Ulikuta uwanja uliokwisha kusawazishwa. Mpira ulikuwa mgeni. Hasimu alikuwa mwenyeji.

Mwaka 1968 timu mbili za Wajaluo, Luo Union na Luo Stars, ziliungana, na iliyotokea ikapewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ambaye watu walisimulia kwamba aliweza kujigeuza awe chochote apendacho. Mpinzani wake alikwisha kuwapo tangu 1964, timu ya Waluhya iliyoitwa Abaluhya na leo AFC Leopards. Na pambano la timu hizi mbili, kijani kwa buluu, watu wote wa Kenya huliita pambano la Mashemeji. Hakuna baraza lililokaa likatoa jina hilo. Waluhya na Wajaluo wameoana kwa vizazi, Wanyala na Wayimbo hata kinamasi cha Yala hakikuwazuia, na siku ya mechi wapo wanandoa wanaotoka katika mlango mmoja wamevaa rangi mbili. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, baada ya kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunis, mabao mawili kwa mawili huko Tunis na moja kwa moja Nairobi, wakashinda kwa fadhila ya mabao ya ugenini, furaha haikuwa ya Nyanza pekee. Waliokuwa wakiwazomea mwaka mzima waliwaimbia siku ile, na Jumapili zilizofuata wakaendelea kuwazomea.

Lakini sipendi kuupamba mchezo wa mjini kwa vazi la wahenga lisilouenea. Mwezi Machi 2012, katika Uwanja wa Nyayo, pambano hilo hilo la mashemeji lilisimama kwa machafuko, viti vikang'olewa, watu wakajeruhiwa. Nimefikiri sana juu ya sababu, na jibu ninaloweza kulitetea ni hili: katika uwanja wa adhula kila aliyepiga alijulikana ni mtoto wa nani, na ikiwa alivuka mpaka, baba yake alipelekewa habari kabla ya jua kuchwa, na pengine posa ya nduguye ilikataliwa kwa sababu yake. Jukwaani Nairobi mtu ni rangi ya shati. Anaitwa shemeji kwa ujumla wake, lakini hapana mama mkwe hata mmoja anayemwona. Polisi na faini zimewekwa mahali pa mama mkwe huyo, na atakayelinganisha nguvu zao na zake ataona pengo.

Kwa hiyo, anaponiuliza mtu kama ni kweli kwamba michezo ya Afrika ina asili ya kale, siku hizi simpeleki Beni Hasan. Namwambia aende mashindano ya kabumbu ya vijiji wakati wa likizo ya Disemba, Yimbo au popote katika nchi hiyo, ambapo watu waliotawanyika mijini hurudi kwao na timu za koo hukutana katika viwanja vya shule vyenye mteremko, na zawadi ya kwanza aghalabu ni dume la ng'ombe, lililofungwa kwa kamba nyuma ya goli tangu asubuhi, likitazama bila ya upendeleo. Asijishughulishe mno na mabao. Angoje mpaka filimbi ya mwisho, kisha aangalie dume hilo linakwenda wapi. Pengine huuzwa, fedha zikagawanywa baina ya wachezaji na mfadhili, na walioshindwa wakapanda lori wakaenda zao wakiwa na njaa. Huo ni mchezo wa juzi. Pengine huchinjwa pale pale, na wazee wa washindi wakamwita nahodha wa upande wa pili aje ashike mguu.